Kulabu Sita za Duane

Kwanza tuelewane: kabati lenyewe lilikuwa zuri. Zuri la kukusimamisha. Duane Niemela alilijenga mwezi wa tatu ndani ya karavani yao, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na pikapu, kwa mbao za mwerezi alizopiga randa mwenyewe mpaka ukipitisha kiganja unaona kama unampapasa paka. Humo kabatini ndimo inamokaa hita ya gesi. Mlango wake ulizungushiwa raba pande zote nne, kwa hiyo ukiusukuma haubamizi wala nini. Unafunga pufu! Kama friji. Halafu kimya.

Mwezi wa nne Duane akafa. Alikuwa mezani, kikombe cha kahawa mkononi, anamsimulia mkewe habari za theluji iliyobaki juu ya paa, na katikati ya maneno akanyamaza. Mkewe alidhani anatafuta neno.

Huyo mke anaitwa Arlys. Miaka sitini na mbili, mfupi, mikono kama ya mpiga ngoma, mpishi wa shule ya Ahola Creek huko Michigan ya juu kwa miaka ishirini na sita. Wanamjua wote, maana amewalisha wote, na amewatukana wote wakiwa na sahani mkononi. "Wewe unataka viazi tena? Hivyo vya kwanza umevitia mfukoni?" Huyo ndiye Arlys. Yaani mdomo wake ulikuwa unafika chumbani kabla yake.

Baada ya Duane, mdomo ukafunga. Pufu.

Na hakulia. Watu walimngojea alie, wapi! Kanisani hakulia. Kule hazikwi mtu mwezi wa nne, udongo bado ni jiwe kwa baridi, kwa hiyo Duane alingoja mwezi wa tano pamoja na marehemu wengine wawili wa msimu ule. Siku ya kuzika Arlys alisimama pale kaburini na koti lake la samawati, akawa anajiuliza kama amezima jiko. Lilikuwa limezimwa. Alikagua alipofika.

Watu wakaleta vyakula, trei juu ya trei, kila moja ina jina la mwenyewe kwenye kipande cha utepe chini yake. Arlys alikula akiwa amesimama, akaosha trei, akazirudisha moja moja mlangoni kwa mwenyewe. "Asante." "Pole sana, Arlys." "Haya." Zilikuwa thelathini na moja. Siku aliyorudisha ya thelathini na moja alirudi nyumbani, akakaa kwenye kochi, na kuanzia hapo akawa analala hapo hapo kwenye kochi. Hakuna sababu. Kitanda kilikuwa mbali tu, hatua kumi na mbili.

Mwezi wa kumi ndipo akaja Verlin. Verlin ni mdogo wake Duane, mrefu, masikio makubwa, mtu wa kubisha hodi huku tayari yuko ndani.

"Shemeji, nina swali moja na sitaki hotuba. Msimu huu unakuja au huji?"

Msimu ni msimu wa kuwinda kulungu, hakuna mwingine. Unaanza tarehe kumi na tano mwezi wa kumi na moja, shule zinafungwa, maduka yanafungwa, hata daktari wa meno hapatikani, watu wote wako porini na majaketi ya rangi ya chungwa. Miaka thelathini na mmoja Duane na Arlys walikuwa wanaegesha karavani kando ya kibanda cha Verlin. Duane anawinda, Arlys anapikia wanaume watano na kuwaambia ukweli kuhusu shabaha zao.

"Nakuja," Arlys akasema.

Neno lilitoka lenyewe. Alishangaa kama aliyesikia mtu mwingine chumbani. Tangu mwezi wa nne alikuwa anasema sawa, haya, asante, maneno ya kufungia mazungumzo. Hili lilikuwa la kwanza analolitaka. Hakujua analitaka kwa nini. Alichojua ni kwamba asipolala kwenye ile karavani msimu ule, hatalala tena, na akishaacha hilo basi atakuwa ameacha yote, abaki na lile kochi.

Ila sasa, mwezi wa kumi na moja kule si mchezo. Ukiacha ndoo ya maji nje usiku, asubuhi unaibeba kama tofali. Bila hita inayofanya kazi hakuna kulala porini, mjane au si mjane.

Kwa hiyo Jumapili mchana Arlys akaenda kufungua karavani iliyoegeshwa mbele ya gereji. Duane alikuwa ameing'oa yote ndani majira ya baridi ili aitengeneze upya: sakafu mpya, benchi jipya, pazia bado. Na kabati. Arlys alikuwa hajaliona limekamilika. Akavuta mlango. Ukaachia kwa ule mguno wa raba.

Ndani ya mlango, juu, kulikuwa na kulabu sita za shaba, zimepangwa mstari. Chini ya kila moja Duane alikuwa ameandika kwa penseli, mwandiko wake ule wa kulala upande mmoja: glavu A. Glavu A. Soksi A. Soksi A. Kofia A. Ya sita ilikuwa imeandikwa: chochote A.

Unaelewa? Miaka thelathini na mmoja Arlys alikuwa analalamika porini kwamba glavu zake hazikauki. Anachota maji, anaosha sufuria, glavu zinaloa, asubuhi anazivaa kama anavaa samaki. Miaka thelathini na mmoja Duane anasema, "Nitafanya kitu." Ndiyo hicho kitu. Kabati la moto la kukaushia glavu.

Arlys alisoma zote sita. Akangoja ahisi jambo. Akaona vumbi kidogo kwenye kulabu ya tatu, akalifuta kwa kidole. Basi.

Akafungua gesi, akawasha hita.

Tik, tik, tik, fuu. Ikawaka vizuri. Feni ikavuma. Akafunga kabati, pufu, akakaa kwenye benchi. Baada ya dakika nne moto ukajizima, feni ikabaki inavuma peke yake. Halafu tik, tik, ikajaribu tena. Ikazima tena. Hewa iliyotoka kwenye tundu la sakafuni ilikuwa ya vuguvugu tu, kama pumzi ya mtu aliyechoka. Lakini mwerezi ulianza kunukia, na aisee, mwerezi ukipata moto unanukia vizuri, unanukia kama sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke cha Jumamosi. Arlys akafumba macho. Akavuta harufu. Chini ya ile harufu nzuri kulikuwa na nyingine, ya kitana cha plastiki kilichoangukia makaa.

Akaweka kiganja kwenye mlango. Ulikuwa wa moto. Si wa joto, wa moto. Akakiacha hapo hapo.

Hapa nisieleweke vibaya: hakuwa anataka kufa. Alikuwa hataki chochote, ndiyo shida yenyewe. Alijua mlango unaungua, alijua kiganja kinauma, na ndani yake hapakuwa na mtu wa kuinuka. Akafikiri tu, kumbe kufa ndivyo kunavyokuwa.

Kilichoinuka ni mkono. Miaka ishirini na sita ya jiko la shule: pua ikisikia kitu kinaungua, mkono unaenda kwenye gesi kabla kichwa hakijaulizwa. Ukazima hita. Miguu ikaufuata, ikatoka nje, mkono ukafunga mtungi. Arlys akajikuta amesimama kwenye majani makavu, mlango wa karavani wazi nyuma yake. Aliangalia kiganja chake. Chekundu. Akasema kwa sauti, "Hebu!" kama anavyowaambia watoto wanaokimbia kantini.

Jumanne akaja Lorna Thibault.

Lorna anatengeneza gesi za karavani wilaya nzima. Ana miaka hamsini hivi, penseli mbili kwenye nywele, na mwezi ule simu yake hailali, maana kila mtu anagundua hita yake imekufa wiki mbili kabla ya msimu, kila mwaka, na kila mwaka wanashangaa. Akapanda ngazi ya karavani, akaliona kabati, akasimama. Nilikwambia.

"Nani kajenga hili?"

"Duane."

Lorna akavua kofia. Akapitisha kiganja kwenye mbao. "Arlys, hili ni zuri kuliko jiko langu zima." Akaufungua mlango, akaufunga, pufu, akaufungua tena. "Na litakuua."

"Sema vizuri."

"Ndivyo vizuri hivyo. Njoo uone." Akawasha tochi. "Hita ina pua na ina mdomo. Pua iko huko nje ukutani: moto unavuta hewa huko, na moshi unatokea huko huko. Hapo yuko sawa. Mdomo uko huku ndani, hapa kwenye feni. Feni inavuta hewa ya chumba, inaipasha, inakurudishia. Sasa Duane amefanyaje? Ameuziba mdomo na raba. Feni inatafuta hewa, hakuna. Moto hauna wa kuupunguzia joto. Chuma kinachemka, swichi ya usalama inakata, kikipoa kidogo kinaanza tena. Siku moja hiyo swichi itachoka. Au chuma kitapata ufa, moshi utaingia ndani badala ya kutoka nje."

"Ile hewa isiyo na harufu."

"Ile ile. Unalala, huamki, na sura yako inabaki nzuri tu, mashavu mekundu, watu wanasema anaonekana amepumzika."

"Verlin anasema nifungue dirisha kidogo."

"Verlin!" Lorna akacheka kupitia pua. "Dirisha ni lako wewe. Hita imefungiwa kabatini, itajuaje habari za dirisha?"

Arlys alikaa kwenye benchi akiangalia viatu vya Lorna. Mambo yote haya yalikuwa yanamwingia kama unavyosomewa orodha ya vitu vya dukani. Lakini aliyaelewa, na kitu kimoja alikielewa kuliko Lorna. Kazi ya Duane miaka thelathini ilikuwa kuziba nyumba za watu. Kule kila mwaka kabla ya theluji kila mtu anaziba: madirisha yanabandikwa nailoni, milango inawekwa raba, nyufa zinajazwa povu. Na Duane ndiye aliyekuwa anaitwa. Alikuwa anaingia nyumba ya mtu, analamba kidole, anakipitisha polepole kwenye kingo za dirisha, na akihisi upepo anasema, "Nimekuona." Hapo hapo anauziba. Nyumba mia mbili, mia tatu, wazee wa watu wamelala joto kwa sababu yake. Kwa hiyo alipokuja kujenga kabati kwa ajili ya mkewe, alifanya lile alilolijua kwa mapenzi yote. Hakuacha hata tundu la kupita unywele.

"Na hapa," Lorna alikuwa amelala chini, sauti inatoka kabatini, "pale bomba la moshi linapotokea ukutani, amejaza povu la kuzibia. Povu! Limeshakuwa kahawia kama ganda la mkate. Hapa panataka bati na kizibo kinachovumilia moto. Na ubavu wa kushoto mbao imegusa kabisa bomba la hewa ya moto, wakati kibandiko cha hita kinasema wazi acha nafasi kiasi gani kila upande. Duane, Duane, Duane. Kibandiko kipo hapa, kimetazama usoni pako."

"Alikuwa hasomi vibandiko. Aliona vibandiko ni vya watu wasiojua kazi."

"Wateja wangu wote ni hivyo. Makosa yao ndiyo yananilipia nyumba." Akatoka, akakaa, vumbi nywele nzima. Ndipo alipoona upande wa ndani wa mlango. "Na hizi?"

"Za glavu zangu."

Lorna akasoma maandishi. Akachomoa penseli moja kwenye nywele, akairudisha.

"Sema tu," Arlys akamwambia.

"Humo hakining'inizwi kitu. Si glavu, si soksi. Hata uzi. Wala hakihifadhiwi kitu chini, si fagio, si mifuko ya plastiki. Kabati la hita ni la hita peke yake."

"Haya."

"Nitabadilisha povu, nitaweka bati, nitasogeza lile bomba. Hiyo kazi yangu. Mlango unataka tundu huku chini, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, na wavu juu yake, usizibwe na kitu. Na hiyo raba yote itoke. Na usiugundishe, ubaki wa kufunguka, maana mimi lazima niifikie hita." Akainuka. "Lakini kukata mlango, Arlys, sikati mimi. Utanisamehe. Nitakwambia kipimo, lakini msumeno sishiki."

"Nani kakuomba?"

Lorna akamwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne mtu kujibiwa vile na Arlys. "Huyo! Karibu tena mjini." Halafu akanyoosha kidole darini. "Na hiyo kengele ya hewa ya sumu ni ya lini?"

"Ilikuja na karavani."

"Basi hilo ni pambo. Hizo zina mwisho wake, zikipita zinakaa tu hapo zinakuangalia unavyokufa. Nunua mpya."

Wavu Arlys aliupata gereji. Ulikuwa ule ule wa mlango wa zamani wa kabati la hita, wa chuma, mbaya, rangi ya meno ya mzee, ambao Duane aliung'oa kwa sababu eti unapitisha upepo. Duane hakuwa anatupa kitu. Ulikuwa kwenye boksi aliloliandika: vibaya lakini vizima. Arlys aliona na sinki lao la kwanza humo, na redio. Akachukua wavu, akafunga boksi.

Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya msimu, akaung'oa mlango kwenye bawaba, akabandua raba yote, ikatoka kwa urefu mmoja kama ganda la chungwa, akaulaza mlango juu ya meza mbili za kufanyia kazi. Akapanga wavu, akachora kuuzunguka kwa penseli. Alikuwa tayari ana msumeno mdogo wa umeme mkononi pale Verlin alipoingia na mfuko wa pai za nyama, mvuke bado unatoka.

"Nimekuletea mbili, moja ina karoti, usi..." Akaona mlango. Akaona mistari. "Unafanya nini?"

"Natoboa."

"Hiyo ni kazi ya Duane."

"Najua ni kazi ya nani, Verlin. Nimelala naye miaka thelathini na minane."

"Shemeji, weka hicho kitu chini. Ni kitu cha mwisho alichotengeneza. Fungua dirisha tu! Tumelala na hita za kila namna kule porini, nani amekufa?"

"Mjomba wenu Reino."

"Reino alikuwa amelewa."

"Alikuwa amelewa na hita ikamuua. Kama angekuwa amelewa bila hita angeamka na kichwa kinauma."

Masikio ya Verlin yalikuwa mekundu. Akaweka pai juu ya boksi la misumari, akageuza ndoo, akaikalia, magoti yakafika kifuani. Akaanza kuzungumza na sakafu.

"Nilikuwepo siku anaweka ile raba. Nilikuwa namshikia taa. Akasimama, akashika hapa." Verlin akagusa kifua chake. "Akasema, kinanibana. Nikamwambia ni lile povu la kuzibia, limekuingia, toka nje upate hewa. Akatoka. Akakaa huko dakika tano. Akarudi, tukamaliza. Nikamwambia safi sana, umemaliza. Sijamwambia mtu, Arlys. Nikiuona huo mlango mzima najiambia angalau alimaliza. Sasa wewe unataka kuukata."

Arlys alisimama na msumeno. Alingoja hasira ije. Alijua ilikuwa inatakiwa ije, alijitega kabisa, kama unavyofungua bomba asubuhi ya baridi kali ukangoja maji, na bomba linakoroma tu kwa sababu mabomba yameganda. Hakukuja kitu. Likaja jambo lingine, alilokuwa amelikalia tangu mwezi wa nne, likatoka na sauti ile ile ya kusema leo kuna maharage.

"Na mimi aliniambia."

Verlin akainua kichwa.

"Jumapili ile kabla. Alikuwa anavua viatu. Akasema, kinanibana hapa. Nikampa dawa ya kiungulia. Nikamwambia apunguze soseji."

Nje gari lilipita, likapiga honi, maana kule hupiti kwa mtu bila kupiga honi. Wote wawili wakainua mkono bila kuangalia.

"Soseji," Verlin akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ni kweli alikuwa anakula soseji sana."

"Sana."

Verlin akapangusa pua kwa mkono wa jaketi. Analia yule, mwenzenu, machozi yanaingia kwenye ndevu, na Arlys akawa anamwangalia kama unavyomwangalia mtu anayekula wakati wewe umeshiba. Hakumwonea wivu, hakumwonea huruma. Akamwambia, "Njoo ushike upande ule. Ubao utatetemeka nikikata."

"Arlys."

"Shika, Verlin. Nikikosea mstari nitakulaumu wewe."

Akashika. Mikono yake mikubwa ikabana mwerezi pande mbili, na Arlys akawasha msumeno, akaingiza meno yake mahali penye tundu alilotoboa kwanza, akafuata penseli. Ilichukua dakika mbili. Kona ya tatu mkono wake ulitoka nje ya mstari kidogo, upana wa punje ya mchele, na Verlin akasema "aah," na Arlys akasema "nyamaza." Kile kipande kikaanguka sakafuni, paa. Vumbi jekundu kwenye buti zao wote wawili. Harufu ile ya sauna ikajaa gereji.

Akageuza mlango, akachukua bisibisi, akafungua kulabu moja baada ya nyingine. Glavu, glavu, soksi, soksi, kofia, chochote. Akazitia mfuko wa aproni. Maandishi hakuyafuta. Yalibaki pale ndani ya mlango, yana matundu ya skrubu juu yake na hayaonyeshi kitu.

Kisha wakala pai, kila mtu amesimama. Ya karoti alikula Verlin. Mtu mwenye akili haweki karoti kwenye pai, walikubaliana hilo.

Alhamisi Lorna akarudi kumalizia na kujaribu. Bati limekaa, kizibo kimekaa, nafasi kila upande ameipima kwa kufuata kibandiko, wavu mbaya umefungwa na skrubu nane. Akawasha. Tik, tik, fuu. Dakika nne zikapita. Tano. Kumi. Hewa ya sakafuni ilikuwa ya moto sawasawa. Lorna akatoka nje akakagua bomba la moshi, akarudi, akachomoa karatasi ya risiti mfukoni, akaisogeza kwenye wavu. Karatasi ikaruka mkononi, ikaganda pale, tap.

"Inapumua," akasema. "Kona moja umeipindisha."

"Ni Verlin."

"Bila shaka ni Verlin." Akazigonga kulabu zilizokuwa mezani. "Hizi zifunge ule ukuta wa ng'ambo, juu ya lile tundu la hewa ya moto, kimo cha kichwa chako. Glavu zitakauka polepole, lakini hutaungua."

Tarehe kumi na tano wanaume waliondoka kibandani alfajiri na majaketi yao ya chungwa, wanapiga kelele za watu wanaodhani wananong'ona. Arlys alikuwa ameshawapa kahawa na mkate wa iliki, na alikuwa amemwambia Verlin kwamba kulungu wanamjua kwa masikio, wanayaona kutoka wilaya ya pili. Wote walicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Walikuwa wamengoja sana.

Saa mbili asubuhi kulikuwa kumekucha, kijivu, theluji nyembamba kama unga juu ya kila kitu. Arlys alikuwa amelala humo usiku kucha. Aliamka mara tatu kuangalia taa ndogo ya kijani ya kengele mpya, na mara zote tatu ilikuwa ya kijani. Sasa alipiga magoti mbele ya kabati. Hita ikajiwasha, feni ikaanza. Akalamba kidole, akakisogeza kwenye wavu, polepole, kutoka kona mpaka kona. Upepo ulikuwepo. Ulimshika kidole, baridi, ukamvuta ndani kidogo. Hata kwenye ile kona iliyopinda.

"Nimekuona," akasema.

Sauti ilikuwa yake. Alingoja kama kuna kingine kitafuata. Hakikufuata. Magoti yaliuma, akainuka.

Ndoo ilikuwa tupu, na sufuria za uji zilikuwa zinamngojea. Akachukua glavu zake kwenye kulabu ya kwanza na ya pili, pale ukuta wa ng'ambo alipozifunga. Zilikuwa zimeloa jana jioni akichota maji kijitoni. Akazivaa hatua mbili nje ya mlango, bila kufikiri, kama anavyozivaa kila mwaka, amejiandaa kwa ule ubaridi wa samaki.

Zilikuwa kavu. Kavu mpaka ncha za vidole, na za moto.

Arlys akaweka ndoo kwenye theluji. Mbali huko porini bunduki ililia mara moja, pengine Verlin, pengine amekosa. Yeye alisimama pale pale, mikono mbele yake kidogo kama mtu aliyebebeshwa kitu cha mwenzake, akakaa hivyo mpaka glavu zikapoa.